Mpishi Aliyejipikia Matanga

"Serikali Tukufu, baada ya kutafakari kwa kina, kwa upana na kwa urefu, inautangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu ijayo ni marufuku kwa mwananchi yeyote kuwa mtu mwingine. Kila raia atabaki yuleyule aliyeandikishwa. Atakayebadilika bila kibali atahesabiwa kuwa amemwangamiza yule wa kwanza, naye atajibu mashtaka ya kumpoteza mtu."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa bwalo letu, likiwa na mhuri mkubwa kama kitumbua. Lilitiwa saini na Waziri wa Uthabiti, Mheshimiwa Daktari Ngwali, ambaye hadi mwezi uliotangulia alikuwa Waziri wa Mabadiliko. Jumanne likabandikwa jingine la kusahihisha la kwanza, na Jumatano la tatu, lililosema kwamba tangazo ni lilelile.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, katika nchi ambayo pia sitaitaja, maana huenda imeshabadilishwa jina wakati ninaandika. Ninaeleza niliyoyaona tu. Sina upande, sina kinyongo, na mwenendo wangu ni mzuri, kwa kadiri mwenendo unavyoweza kuwa mzuri.

Sheria yenyewe ilikuwa rahisi. Miaka kumi nyuma makarani walipita nyumba kwa nyumba na Fomu ya Tabia, wakaandika kwa kila mtu mambo matano yanayomfanya awe yeye. Hawakumwuliza mwenyewe, kwa kuwa mtu hujipendelea, waliwauliza majirani. Sasa wakaguzi walikuwa wanapita tena. Ukikutwa na mambo matatu kati ya matano, wewe ni wewe. Ukikutwa na mawili, unapewa onyo. Ukikutwa na moja, wewe ni Mtu wa Pili, na serikali inaanza kumtafuta Mtu wa Kwanza, ikianzia mifukoni mwako.

Nchi ilijitahidi. Bwana Pandu mwenye duka, aliyeandikishwa siku ambayo alikuwa na mafua, alikohoa kwa bidii kila alipoona gari la serikali. Mkunga wa zahanati, aliyeandikwa "bi harusi", alikwenda kazini na hina hadi viwikoni ingawa alishaachika mara mbili. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye fomu yake ilisema "kijana machachari", alipanda ngazi mbili mbili huku ameshika kiuno.

Aliyeshindwa katika eneo letu alikuwa mmoja tu, naye ni Fikirini, mpishi wa shule.

*

Fomu ya Fikirini ilisema: analewa, anatukana watu wazima, anaimba barabarani, haonyeki, anapenda pilipili.

Kila neno lilikuwa kweli wakati huo. Lakini miaka miwili iliyopita aliamka asubuhi kwenye mtaro nyuma ya bwalo, akakuta amefunikwa kanga. Binti yake Tunu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, alikuwa ameketi pembeni akiwafukuza kuku wasimdonoe baba yake masikio. Tangu siku hiyo hakunywa tena. Maharage yakaanza kuiva. Stoo ikaanza kufungwa kwa kufuli. Fikirini akawa anatembea na mkewe Binuru, bega kwa bega, kimya, kama watu wawili wanaobeba ndoo moja. Katika yale matano, pilipili peke yake ndiyo iliyobaki.

Hata hivyo huenda asingegunduliwa. Wakaguzi wa kwanza walimkuta akitafuna pilipili huku macho mekundu yanachuruzika, wakaandika "mlevi" na kuendelea na safari. Kilichomponza ni barua. Barua ilifika makao makuu bila jina la mwandishi, ikieleza kwamba Fikirini wa kweli hajaonekana kwa miaka miwili, na kwamba anayepika shuleni ni mtu mwingine kabisa, mpole, mwenye kufunga stoo. Inasemekana ilikuwa barua fasaha mno, yenye aya zilizopangika na mwisho wenye kusisimua. Mimi narudia tu yanayosemekana.

Adhabu ilijulikana. Akipatikana na hatia, jina lake litafutwa. Binuru ataandikwa mjane na Tunu ataandikwa yatima. Yeye mwenyewe atapelekwa Nyumba ya Watu wa Pili, akae humo hadi Mtu wa Kwanza atakaporejea. Hakuna Mtu wa Kwanza aliyewahi kurejea.

*

Mkaguzi Mshindo alikuja Jumatatu asubuhi, wakati wa uji. Sisi tulikuwa kwenye foleni na vikombe vyetu.

"Wewe ni nani?" akamwuliza mpishi.

"Fikirini, bwana mkubwa."

"Fikirini yupi?"

"Huyu."

"Huyu ninamwona. Ninamtafuta yule."

"Yule ndiye huyu."

Mkaguzi akafungua fomu. "Fikirini hulewa. Wewe umelewa?"

"Sijalewa."

"Nitukane."

"Bwana mkubwa?"

"Nitukane kidogo tu, niandike."

Fikirini akafuta mikono kwenye aproni, akafikiri. Tulikuwa tunamwombea, kwa sababu tuliyajua matusi yake ya zamani. Yalikuwa matusi ya kumfanya punda ajiuzulu.

"Bwana mkubwa," akasema hatimaye, "kofia yako imekaa upande."

Mkaguzi akaandika: hapana. "Basi imba."

"Nina uji motoni, utaungua."

"Fikirini wa kweli," alisema Mkaguzi kwa huzuni ya kiserikali, "angeuacha uungue." Akapiga mhuri. Askari wawili wakawekwa mlangoni pa jiko, na kesi ikapangwa Ijumaa.

Kwa kuwa Mtu wa Kwanza hakuonekana, serikali ilimhesabu marehemu, na marehemu ana haki ya matanga. Matanga yakaamriwa yafanyike Jumatano. Matanga yanahitaji wali, na eneo zima lilikuwa na mpishi mmoja tu wa sufuria kubwa. Kwa hiyo Fikirini akaletewa barua yenye mhuri, ikimtaka apike wali wa watu mia mbili kwa ajili ya msiba wake.

Akapika. Ulikuwa wali mzuri. Waombolezaji walisema marehemu angeufurahia.

Sasa kwetu, mtu akifa, watani wake huja msibani kumcheka. Huvaa nguo zake, huiga mwendo wake na sauti yake, na wafiwa hucheka huku wanalia. Ni haki yao na hakuna anayewazuia. Mtani wa Fikirini ni Bibi Sikujua, bibi wa miaka sabini asiye na jino la mbele. Alifika saa nne amevaa koti la zamani la Fikirini, amelivaa ndani nje, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi kama simu.

"Haloo! Haloo! Nipe mkuu wa mkoa!" akakifokea kiatu. "Mkuu wa mkoa, wewe ni kinu cha kukopwa! Mwambie mke wangu ninakuja, nimeshikwa na barabara!" Akayumba, akaikumbatia nguzo ya bwalo, akaiomba msamaha, kisha akaanza kuimba.

Watu walianguka kwa kicheko. Mkaguzi Mshindo, ambaye alitoka makao makuu ambako utani ulishafutwa kwa waraka, alisimama kwa kishindo na fomu mkononi. Analewa: ndiyo. Anatukana: ndiyo. Anaimba: ndiyo. Akamwamuru anyamaze, naye Bibi akazidisha. Haonyeki: ndiyo. Akampa pilipili, akaitafuna kwa fizi.

"Tano kwa tano!" akapaza sauti. "Marehemu amepatikana!"

Kwa muda wa dakika moja nzima Fikirini alikuwa mtu huru. Nilimwona Binuru akishika kifua. Kisha Bibi Sikujua, kwa uaminifu wa watani, akavua koti, akacheka hadi akakaa chini. "Bwana mkubwa, mimi ni mtani wake! Wewe kwenu hamfi?"

Mkaguzi akaichana fomu vipande vipande, akaongeza shtaka la pili: kuficha marehemu kwa kutumia bibi.

Mimi nilikuwa nimecheka hadi nikashika mbavu. Nikaingia jikoni kupeleka sahani, nikiwa bado nacheka, nikamkuta Fikirini amesimama dirishani. Alikuwa ameona yote.

"Ndivyo nilivyokuwa?" akaniuliza.

"Ulikuwa unachekesha sana, mzee."

Akaniashiria kwa kidole. Chini ya dirisha, nyuma ya kuni, alikaa Tunu. Alikuwa amejifunika gauni hadi kichwani, na vidole vimeziba masikio.

"Yule hakuwahi kucheka," alisema Fikirini, akarudi kwenye sufuria.

Jioni ile sikula wali. Nilisema tumbo linaniuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya shule nilikuwa sisemi uongo.

*

Ijumaa bwalo likageuzwa mahakama. Mwenyekiti wa Baraza la Uleule, Mheshimiwa Kombo, alikuja na kiti chake mwenyewe, kwa sababu alisema amekikalia miaka thelathini na hataki kuonekana tofauti.

"Taifa," alianza, "ni mto. Na mto haupaswi kubadilika."

"Na maji, Mheshimiwa?" aliuliza karani, kalamu juu ya karatasi.

"Maji pia."

Wanafunzi tulikaa nyuma, mistari sita. Mbele, Fikirini alisimama kati ya askari wawili. Binuru na Tunu walikaa benchi la pembeni. Binuru alikuwa amevaa kaniki nyeusi, kwa amri, maana serikali ilishaanza kumhesabu mjane.

Mwenyekiti alipiga meza. "Lete kidhibiti namba mbili."

Ikaletwa glasi ya gongo. Gongo ni marufuku nchini, kwa hiyo karani alifafanua kwamba hii ilikuwa gongo ya serikali. Wajumbe wawili wa Baraza walikuwa wameionja kuhakikisha ni halisi, na mmoja alikuwa amehakikisha mara tatu.

"Mshtakiwa," alisema Mwenyekiti, "Baraza lina huruma. Kunywa. Ukinywa utalewa, ukilewa utatukana, ukitukana utaimba, na wewe utakuwa wewe. Jioni hii utarudi nyumbani na mkeo. Usipokunywa, umekiri kwamba Fikirini hayupo."

Bwalo likaanza kunong'ona. "Kunywa, kaka! Moja tu!" Mwalimu Mkuu akainuka nusu: "Kunywa bwana, nani atapika chakula cha usiku?" Hata askari mmoja alimgusa kiwiko.

"Baba Tunu," alisema Binuru. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mimi sikwambii unywe, wala sikwambii usinywe. Popote watakapokupeleka nitakuja na chakula."

Fikirini aliichukua glasi. Gongo ikamwagikia vidole. Akaileta karibu na uso. Nilimwona akifumba macho, mianzi ya pua imepanuka kama mtu anayesikia harufu ya kwao. Nzi alitua kwenye meza ya Mwenyekiti na sote tulimsikia. Tunu alikuwa hatazami glasi. Alikuwa anatazama miguu ya baba yake.

Akaiweka mezani.

"Mheshimiwa," akasema, "mtu mwingine angekunywa hii moja, akafuta mdomo, akaenda zake. Asingekuwa na cha kuogopa. Mimi naiogopa kwa sababu naijua, nayo inanijua. Aliyelala mtaroni ni mimi. Aliyefunikwa na mtoto wake ni mimi. Kama mimi ni mtu mwingine, aibu hii nimeitoa wapi?"

Karani aligeuza fomu mbele na nyuma. "Mheshimiwa, fomu haina sehemu ya aibu."

"Basi isiandikwe," alisema Mwenyekiti, akafuta jasho. "Mshtakiwa amekataa kuwa yeye. Kilichobaki ni kimoja. Kwa mujibu wa sheria, aliyeandika barua atasimama, atatamka neno 'Nathibitisha', na hukumu itapita. Raia huyo mwadilifu atavishwa Nishani ya Jicho na kupigwa picha na Waziri. Yuko wapi?"

Walisimama watatu. Mwalimu Mkuu, Bwana Pandu akiwa anakohoa, na Mkaguzi Mshindo mwenyewe.

Mwenyekiti hakushangaa, alionekana kuwa na uzoefu wa mashujaa. Akaikunja barua mkononi. "Mwandishi ataikumbuka sentensi ya mwisho. Mwalimu Mkuu, anza."

Mwalimu Mkuu alikohoa kidogo, si kama Bwana Pandu. Alikuwa ameisikia barua ikisomwa mara moja, ofisini. "Niliandika kwamba... Fikirini wetu ametoweka kama... kama chumvi katika mchuzi, na... na sasa mchuzi hauna ladha."

Msomaji, nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilikuwa nimeuma ulimi tangu asubuhi. Lakini kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyavumilia.

"Chumvi ikitoweka katika mchuzi, mchuzi si ndio unapata ladha?" Sauti ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimesimama. "Ni sukari! 'Fikirini wetu ameyeyuka kama sukari aliyoionja mwingine, nasi tumebaki tunalamba kijiko.' Kijiko, Mwalimu! Hapo kwenye kijiko ndipo penye utamu wote!"

Vichwa mia mbili viligeuka.

Mwenyekiti alishusha macho kwenye barua, kisha akanitazama kwa upendo mkubwa. "Neno kwa neno," alisema. "Njoo mbele, mwanangu. Jina lako?"

"Mkanjima, Mheshimiwa. Kidato cha tatu B."

Mjumbe mmoja alikuwa ameshafungua kisanduku cha nishani. Ilikuwa jicho la shaba, lisilo na kope. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa Fikirini. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa hesabu ambayo hakufundishwa.

"Tamka, kijana," alisema Mwenyekiti. "Neno moja."

Nililifungua domo langu, ambalo halijawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe, nikageukia benchi la pembeni. Binuru aliuvuta mtandio wake. Tunu alinikazia macho, bila chuki, akingoja, kama anavyongoja mtoto aliyezoea kungojea watu wakubwa waamue watakuwa nani leo.

"Nilitunga," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Barua niliandika mimi, na niliitunga. Ni kweli ameacha pombe. Lakini hakuna mtu aliyepotea. Nilijua hakuna mtu aliyepotea. Ulikuwa mzaha."

Kisanduku cha nishani kikafungwa, tak. Mwenyekiti aliinama mbele taratibu. "Aliyeandika barua hii ni raia mkweli. Baraza limekwisha kuamua hivyo. Wewe unajiita mwongo. Basi wewe si yeye." Akamgeukia Mkaguzi. "Kuna kijana mkweli amepotea hapa. Leta fomu mpya."

Askari mmoja akamwachia Fikirini, akanishika mimi. Njia ya kutokea ilikuwa wazi na nyepesi: niseme naam, nimechanganyikiwa, mimi ndiye yule mkweli, nathibitisha.

"Ni mimi yuleyule," nikasema. "Mwongo aliyeandika ni huyu anayesimama hapa. Sijambadilisha na mtu."

"Thibitisha!"

"Mwulizeni mwalimu wa nidhamu."

Mwalimu Zuhura alishasimama. Sijawahi kumwona ana furaha kiasi kile. Alituma mtu ofisini, yakaletwa madaftari matatu mazito, akayaweka juu ya meza ya Baraza hadi glasi ikaruka.

"Mheshimiwa," alisema, "nimefundisha miaka ishirini na sita. Sijaona raia thabiti kama huyu. Moja, anadanganya: kurasa arobaini. Mbili, anaiga sauti za walimu. Mwaka jana alitangaza likizo kwa sauti yangu na mabweni mawili yakaondoka. Tatu, anaandika barua zisizo zake. Bibi yake ametuandikia mara nne kuomba ruhusa, mara tatu kati ya hizo akiwa amekwisha kufa. Nne, anaruka ukuta. Tano, hajuti kamwe."

Karani aliweka alama moja baada ya nyingine. Alipofika la tano, aliinua uso akaniangalia kwa muda. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa najifuta pua na mkono wa shati.

"La tano sina hakika, Mheshimiwa," alisema. "Lakini manne yanatosha."

Basi nikawa raia wa kwanza katika eneo letu kupewa Cheti cha Uleule, nikithibitishwa mbele ya umma kuwa mwongo wa tangu zamani. Na kwa kuwa lalamiko la mwongo aliyethibitishwa si lalamiko, lalamiko likaanguka, na shtaka la bibi likaanguka nalo. Mwenyekiti alitangaza kwamba Baraza limeshinda kesi. Fikirini aliachiwa kuwa Fikirini kwa kipindi cha mwaka mmoja, kinachoweza kurefushwa kwa maombi. Mjumbe aliyehakikisha mara tatu akahakikisha ile glasi ili isipotee.

Mimi nilipewa adhabu ya kuosha sufuria hadi mwisho wa muhula.

Nilianza siku ileile, saa kumi. Fikirini alikuwa tayari uani, amepiga magoti mbele ya sufuria la wali, anasugua kwa majivu. Tunu alikuwa akimletea maji kwa kopo. Niliposimama pale, Fikirini alimwambia binti yake, "Nenda kwa mama," akangoja hadi alipokwenda.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Akaendelea kusugua. "Ulisema ulikuwa mzaha."

"Ndiyo, mzee."

"Wali nilipika mimi, Mkanjima. Wa msiba wangu. Mtoto wangu alikula. Mzaha wa namna gani?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha. Nilikuwa nayo matatu. Nikapiga magoti upande wa pili wa sufuria, nikachukua majivu.

"Zamani," nikasema, "kila kitu kikiharibika hapa shuleni, walikuwa wanatuita wawili ofisini, wewe na mimi. Tulikaa benchi moja. Ulikuwa unaniminyia jicho." Nikasugua ukoko mmoja uleule. "Kisha ukaacha. Hukuniambia. Nikaitwa peke yangu, nikakaa lile benchi, nikakuona dirishani unapita na mkeo. Hukutazama ndani. Nilitaka wakurudishe."